Mdomo wa Maringo

Mimi farasi siwapendi. Nalisema hilo mapema, msije mkanidhania mpenzi wa wanyama. Wamekula ujana wa dada yangu, wamemvunja mbavu na kifundo cha mguu, na viatu vyangu vya harusi mpaka leo vinanuka samadi kwa sababu aliniomba nimshikie kamba "kidogo tu" nikiwa nimeshavaa. Lakini kuna farasi wake mmoja alitendewa jambo ambalo kila nikilikumbuka damu inanichemka.

Dada ni mwalimu wa kupanda farasi, na shule yake ni pikapu bovu. Leo yuko kwa daktari wa meno mwenye farasi wawili wanene kuliko yeye mwenyewe, kesho yuko kwenye kituo cha watoto, Alhamisi yuko kwenye Klabu kubwa. Mimi ndiye ninayeendesha, kwa sababu yeye hushika usukani kama hatamu, kwa ncha za vidole, na gari halina adabu ya farasi. Tandiko lake linakaa kiti cha mbele, limefungwa mkanda. Mwenyewe anakaa nyuma na ndoo. Eti tandiko lisipate vumbi.

Anachofundisha wenyewe wanakiita dresaji. Farasi anaingia kwenye uwanja wa mchanga, anatembea, anakimbia mbio ndogo, anakata kona na kusimama mahali palepale alipotakiwa, na mtazamaji asione mpandaji amemwambiaje. Kushindana mbio hakuna, kuruka hakuna. Nilipouliza raha yake iko wapi, dada alinitazama kwa huruma kabisa.

Nyumbani anazalisha. Nyuma ya nyumba kuna banda la mabati ambalo shemeji yangu, fundi wa kuchomea vyuma, alilitengenezea milango imara kuliko ya chumbani kwao. Shemeji ana msemo wake: "Nyumba hii nina wake wenza, wote wana kwato." Maringo alizaliwa humo asubuhi moja ya mvua. Alikuja vibaya, mguu mmoja umekunjwa nyuma, na dada alimtoa kwa mikono yake, damu mpaka kwenye viwiko. Akamlea, akamfundisha, akampanda mwenyewe hadi farasi akawa anasimama kwa dada kushusha pumzi tu. Kisha akamuuzia Mwenyekiti wa Klabu kwa ajili ya binti yake. Mfugaji anayeng'ang'ania kila mtoto mwishowe anafuga njaa. Ila aliweka sharti moja, kwamba mwalimu wa farasi huyo awe yeye.

Sasa, dada ana desturi. Akifika popote, kabla hajasalimia mtu, anaingiza vidole viwili kati ya mkanda wa pua, ule unaofunga mdomo, na mfupa wa pua ya farasi. Vikiingia, "Habari za asubuhi." Visipoingia, hakuna habari wala asubuhi, na hafundishi mpaka mkanda ulegezwe. Daktari wa meno ameshafukuzwa kwenye uwanja wake mwenyewe kwa kosa hilo.

Alhamisi moja pale Klabu, vidole havikuingia kwa Maringo.

"Nani kafunga hivi?" dada akauliza.

Binti wa Mwenyekiti, mtu mzima mwenye kazi yake benki, akaangalia glavu zake. "Anafungua mdomo, mwalimu. Majaji wanakata alama."

"Anafungua kwa sababu unamvuta. Chuma cha hatamu kiko juu ya ulimi wake. Tulize mikono, atafunga mwenyewe."

"Mashindano yako karibu, hatuna muda huo."

Mwenyekiti alikuwa ameegemea ua na simu yake. Hakuinua hata uso. "Mwalimu, wewe umeletwa kumfundisha mtu, hukuletwa kukagua mikanda. Kama hupendi, mlango ule pale. Walimu wako wengi."

Nikasubiri moto uwake. Namjua dada yangu. Aliwahi kumrudishia mtu tandiko kwa kumrushia. Nikawasha gari kabisa ili tukimaliza kutukana tuondoke.  Dada akalegeza mkanda tundu moja tu, akasema, "Haya, tuanze na kutembea."

Njiani nilisimamisha gari, nikamfuata kule nyuma. "Dada, umekuwaje? Yule mtu kakusemesha kama mfagizi!"

"Nikiondoka, nani atamlegezea hata hilo tundu moja?"

"Ukiwapa kisogo si wanakaza tena?"

"Wanakaza."

"Sasa?"

"Sasa endesha gari, mdogo wangu."

Nilimkasirikia dada kuliko nilivyomkasirikia Mwenyekiti. Kila Alhamisi analegeza, wao wanakaza, anameza mate machungu na kurudi. Nyumbani akawa anafoka kwa sababu ya chumvi na kwa sababu ya mlango kulia. Shemeji akamwambia, "Mwenye nguvu mpishe, mke wangu." Alirushiwa mwiko.

Siku ya mashindano ikafika. Kwenye ngazi ile mpandaji anaruhusiwa kusomewa. Msomaji anasimama kando ya uwanja na karatasi, anataja kila hatua kabla haijafika. Haruhusiwi kuongeza neno. Akiongeza, kengele inalia na mpandaji anatolewa. Binti hakuwa amekariri kitu, kwa hiyo msomaji akawa dada.

Aliomba kumwona Maringo kabla hajaingia. Mwenyekiti akasimama katikati. "Leo usimguse. Leo ni kusoma tu."

Wakaingia. Mimi nilikaa kwenye benchi nyuma ya dada.

"Ingia kwa mbio ndogo. Simama katikati, salimia," dada akasoma. Sauti yake ilikuwa kavu. "Geuka kulia."

Hata mimi nisiyejua farasi niliona. Shingo ilikuwa imekunjwa mpaka kidevu kinagusa kifua, na watu pembeni yangu wananong'ona jinsi farasi alivyo mrembo. Mdomo umefungwa kama gunia. Walipopita mbele yetu, ncha ya ulimi ilikuwa imechomoza pembeni, na ilikuwa ya bluu.

Dada alikuwa amefika "badilisha upande kwa mshazari". Hakusoma. Karatasi ikashuka.

"Mfungue mdomo," akasema. Kisha akapaza sauti, uwanja mzima ukasikia: "Mfungue mdomo! Shuka! Ulimi wake unakufa!"

Kengele ikalia.

Jaji, mama mwenye kofia pana, aliteremka kutoka kwenye kibanda chake, akajaribu mkanda. Hakikuingia hata kidole kimoja. Ukafunguliwa, Maringo akatikisa kichwa, mate yenye damu yakamrukia jaji kwenye blauzi. Mnajua adhabu ilitolewa kwa nini? Mpandaji ametolewa kwa sababu msomaji wake ameongeza maneno. Kuhusu mkanda, wahusika wataonywa. Wataonywa! Mdomo uliosema umeadhibiwa, mkono uliofunga umeonywa. Nilitaka kumvua mtu kofia.

Mwenyekiti alikuja mbio. "Umeniaibisha mbele ya watu. Hili limnyama lako limeshaharibika, na wewe ndiye uliyeliharibu. Lichukue! Ondoka nalo! Sitaki kuliona tena!"

Mbele ya jaji. Mbele ya watu wote. Wahenga walisema hasira hasara, na dada, ambaye maisha yake yote hasira ndiyo imekuwa ikimtia hasara, kwa mara ya kwanza alifunga kinywa kwa faida. Alichukua kamba, akaondoka na Maringo kwa miguu, mimi nikimfuata na pikapu taa zikiwaka mpaka nyumbani.

Ng'ombe akivunjika mguu hukimbilia zizini. Maringo alikimbilia pembe ya banda na kukaa huko. Alikula, alikunywa, lakini mkono ukipanda kuelekea usoni alirusha kichwa na kugonga mabati. Tulimvua kamba kwa shida siku ya kwanza, na haikurudi tena. Klabu ilimfuta dada kazi, na kituo cha watoto kikasikia habari na kumfuta pia.

Halafu Mwenyekiti akaja. Na lori.

"Mwalimu, yale niliyasema kwa hasira tu. Nimekuja kumchukua farasi wangu."

Nilishika reki. Dada akanizuia kwa macho.

"Mlango ule pale," akamwambia. "Akikubali umguse pua, ondoka naye."

Mwenyekiti aliingia na tufaha, na maneno matamu. Alipoinua mkono, Maringo aligeuka na kumpa makalio, na Mwenyekiti akatoka haraka kuliko alivyoingia. Dereva wake akajaribu na kamba. Bati likabonyea.

"Basi mshike wewe," Mwenyekiti akasema, anahema. "Wewe si ndiye mama yake?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu tumrudishe, sijamwona dada akijaribu. Alikuwa anaweka nyasi na kutoka. Akaingia. Akanyoosha vile vidole viwili, polepole, kama alivyofanya kwa kila farasi miaka yote.

Maringo akarusha kichwa na kurudi nyuma, anatetemeka mwili mzima.

Mwenyekiti akacheka. "Umeona? Hata wewe!"

"Ndiyo," dada akasema. "Hata mimi. Nilikuwa nalegeza tundu moja, nakuachia ukaze." Hakugeuka kumtazama. "Ndiyo maana haendi popote. Toa lori lako nyumbani kwangu."

Lori liliondoka tupu, na nililitukana mpaka likapotea kwenye kona.

Niliporudi, dada alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya banda, mikono yote ameikalia. Maringo alikuwa amesogea, ananusa nywele zake, anaacha, ananusa tena. Machozi yalikuwa yanamshuka dada na hakuyafuta. Nilimletea chai. Hakuipokea, maana angelazimika kutoa mkono.