Mwizi Aliyemwacha Mbwa Wake

Maisha yangu yote hapa Tarrawool, mji wetu mdogo wa wakulima wa ngano, nimemjua mwizi mmoja tu wa gari, naye ni Mzee Vern Tuckwell, aliyekuwa na miaka themanini na mitatu siku alipoiba. Gazeti la wilaya liliandika wizi wake bila kumtaja jina. Mimi namtaja, kwa sababu bila jina lake habari ile inatisha, na yeye si mtu wa kutisha hata kuku.

Vern alizaliwa shambani kwao, upande wa pili wa maghala ya ngano, akalima ngano hadi magoti yalipogoma. Shamba akamkodishia jirani. Akabaki na nyumba, kuku wachache, pikapu nyeupe, na mbwa mwekundu aitwaye Nugget. Hakujaliwa watoto. Mkewe, Bi Merle, alipatwa na kiharusi miaka minne nyuma, na kwa kuwa sisi hatuna nyumba ya kutunzia wazee akapelekwa mji mkubwa, karibu mwendo wa saa nzima kwa gari. Basi la abiria hakuna. La mwisho liliacha kuja nikiwa bado nasoma. Kwa hiyo kila Alhamisi Vern hunyoa ndevu, huvaa shati la kola, hupita dukani kwetu kununua mkate, pai mbili za nyama na kitumbua cha malai anachokipenda mkewe, kisha huenda kula naye chakula cha mchana. Nugget huenda naye nyuma ya pikapu, na wauguzi humruhusu mbwa aingie mpaka kitandani.

Haya nayajua kwa sababu asubuhi nauza katika duka la mikate la Gwenda, na binti yangu Elsie hucheza nyuma ya kaunta karibu na magunia ya unga. Ukisimama kwenye dirisha lile lile kila siku, watu unawajua kwa miguu yao kabla ya nyuso. Miguu ya Vern ilikuwa na safari moja: kutoka kwenye bomba la maji la mbele ya duka mpaka kaunta, na kurudi kwenye bomba. Hapo ndipo alipokuwa akiegesha tangu mama yangu akiwa msichana, ili mbwa wake, awe yupi wa wakati huo, apate maji. Hapana kibao chochote pale. Lakini hata mchungaji wetu, anayeegesha hovyo kuliko watu wote, hajawahi kuegesha bombani.

Na jambo lingine. Kwetu ufunguo hukaa ndani ya gari. Si uzembe. Kiangazi king'ora cha moto kikilia, watu wa kujitolea hukimbilia gari la zimamoto, na gari lolote lililoziba njia lazima aliyepo karibu aweze kulisogeza. Anayetembea na ufunguo mfukoni tunamwona kama mgeni anayekula akiwa amefunika sahani.

Sasa Alhamisi ile alikuwepo kijana kutoka jijini, aliyetumwa kukagua ngano ya maghalani. Gari lake pikapu nyeupe, kama ya Vern, na kama za nusu ya wilaya. Siku ya kwanza Gwenda alimcheka alipomwona akifunga milango, basi siku ya pili akauacha ufunguo kama wenyeji. Ila nafasi hakuijua. Akaegesha bombani.

Vern alifika, akakuta pamechukuliwa, akazunguka akaegesha ng'ambo, mbele ya posta. Akanunua vitu vyake. Akatoka mikono imejaa, kitumbua cha malai juu ya yote amekishika kwa kidevu, na miguu ikampeleka ilikozoea. Nilimwona akiingia kwenye pikapu iliyokuwa bombani. Nilikuwa namfuta Elsie pua, na nilipofika mlangoni pikapu ya yule kijana ilikuwa inakunja kona. Ng'ambo, Nugget alikuwa amesimama nyuma ya gari lao akimtazama bwana wake akienda. Hakubweka. Alikaa chini taratibu, kama abiria aliyeachwa na basi.

Kijana alipokuja mbio dukani, Gwenda alimwambia akae anywe chai, mzee atarudi mwenyewe akifika relini, kwa sababu Nugget hubweka kila wanapovuka reli, na leo hakuna wa kubweka. Ikawa hivyo hivyo. Lakini kijana hakuweza kukaa. Alikwisha kupiga simu, na hakumpigia Konstebo Renata Kosic, ambaye kituo chake kipo hatua chache kutoka posta. Alipiga ile namba ya dharura inayopokelewa jijini. Jambo likishaingia kwenye kompyuta za huko, kulitoa ni kama kutoa mayai kwenye keki iliyokwisha kuiva.

Vern aliporudi, konstebo alikuwa amesimama bombani. Ni polisi wetu peke yake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyetoka pwani majira ya baridi yaliyopita. Alimfungulia mzee mlango, akamuuliza kwa upole, kwa sauti ile tunayowasemeshea wagonjwa, kama pengine alichanganyikiwa kidogo.

Niliuona uso wa Vern. Sikuelewa wakati ule alichokuwa akifikiri, ila sasa naelewa. Mzee akionekana amechanganyikiwa, hunyang'anywa leseni. Mwizi hupigwa faini, akaendelea kuendesha. Na bila leseni hakuna Alhamisi.

Akajinyoosha. "Sikuchanganyikiwa, afande. Nimeiiba."

"Umeiiba, Mzee Vern?"

"Nimeiiba. Niliipenda."

Gwenda alicheka mpaka akashika ukuta. Konstebo hakucheka. Alimtazama Vern, akamtazama Nugget ng'ambo, akaandika kitu, akasema ataendelea na jambo hilo akipata nafasi. Yule kijana mwenyewe aliona haya, akataka yaishe. Vern alimwachia pai moja.

Tulidhani yamekwisha. Baada ya majuma kadhaa gazeti likatoa takwimu za uhalifu za mwaka. Wizi wa magari Tarrawool umeongezeka mara mbili. Ilikuwa kweli. Mwaka uliotangulia ulikuwa mmoja, kijana wa akina Pruett alipochukua trekta la baba yake kwenda kuchumbia; mwaka huu alilichukua tena, na Vern akawa wa pili. Na gazeti likaongeza kwamba kwa kila watu elfu, sisi ndio tunaoongoza wilaya nzima.

"Elfu watatoka wapi?" Gwenda aliuliza. "Wamehesabu na kondoo?"

Wengi walicheka. Jirani yangu Bi Dulcie hakucheka. Ni mjane, anaishi peke yake, masikio yamechoka, na anachokisoma gazetini hukiamini kama anavyoamini hali ya hewa. Jioni alikuwa akikaa barazani kwake, mlango wazi, na Elsie alizoea kuvuka nyasi kwa miguu yake mifupi kwenda kupewa biskuti. Sasa Bi Dulcie alinunua kufuli mbili na mnyororo. Nilikwenda kumweleza, kwa sauti ya juu, kwamba mwizi mwenyewe ni Vern, Vern wetu, asiogope.

"Basi ndiyo mbaya zaidi," alinijibu kupitia upenyo wa mlango. "Kama hata Vern anaiba, nani hataiba?"

Jioni ile Elsie alikwenda kama kawaida, akaukuta mlango umefungwa, akaupiga kwa kiganja, akaniangalia mimi kama niliyeufunga.

Juma lililofuata Elsie alikuwa na chanjo mji mkubwa, na mume wangu Lachie alikuwa kwenye mavuno, nikaomba lifti kwa Vern. Njia nzima nilimtazama. Anaendesha kama anavyotembea, polepole, macho mbele, na aliona kangaruu kando ya barabara kabla yangu. Relini Nugget akabweka, na Elsie akabweka pia.

Bi Merle alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, gazeti mapajani. Maneno yake tangu kiharusi hutoka moja moja, lakini hutoka yakiwa yamepigwa pasi. Aliniuliza habari za watu, nikamwambia, na bila kukusudia nikafika kwa Bi Dulcie na mnyororo wake, na kiganja cha Elsie mlangoni.

Alimgeukia mumewe. "Vern. Huyu mwizi wa gazetini ni wewe?"

Vern alikuwa akimkatia pai vipande vidogo. Akaendelea kukata.

"Wewe," alisema Bi Merle, "uliyemrudishia Pruett yai. Kuku wake alitagia kwetu, ukapeleka yai. Kwa miguu."

"Lilikuwa yai lake."

"Kwa nini umesema umeiba?"

Akamweleza hapo, kwa sauti ya chini, kuhusu leseni. Mimi nikajifanya namfunga Elsie viatu. Alisema akinyang'anywa atamwona mkewe kwa huruma za watu, leo huyu ana nafasi, kesho yule hana, na kwamba kuitwa mwizi hakumuumi hata kidogo.

"Wewe hakukuumi," alisema Bi Merle. "Dulcie kajifungia."

Kisha akaunyoosha mkono wake mzima akaondoa chembe ya pai kwenye kola ya Vern.

"Nenda kapimwe, mume wangu. Ukishindwa, nitakuwa hapa hapa. Mimi siendi popote."

Kurudi aliendesha polepole kuliko alivyokwenda.

Asubuhi ya pili yake konstebo alikuwa kwenye kaunta akichukua mkate, Vern akaingia. Siku si yake, shati la kola amevaa. Nilisimamisha mashine ya kukata mkate.

"Afande," alisema, "ile pikapu sikuiiba. Nilikosea gari. Mchana kweupe, na sijanywa."

"Najua, Mzee."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Mwizi gani anaiba gari la mwenzake halafu anamwacha mbwa wake?"

Vern aligeuza kofia mikononi. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe. Jalada lako liko chini ya kikombe changu cha chai tangu siku hiyo."

"Na sasa utanipeleka kupimwa."

"Nitakupeleka," alisema Renata Kosic. "Sitakudanganya. Watu wanavuka barabara hii, na huyu binti hapa ana mtoto."

Hapo nikasema, mimi ambaye kaunta pale husema bei tu na asante. Nilisema yule kijana aliegesha bombani. Konstebo alinitazama kama asiyeelewa, basi nikamweleza habari ya bomba na mbwa wote waliotangulia. Alikwenda dirishani akatazama nje muda mrefu. Akasema kumbe ndiyo maana siku yake ya kwanza mjini, alipoegesha gari la polisi pale, Mzee Vern alitoka dukani akashika mlango wa gari hilo, na yeye akafikiri anataka kumkaribisha.

"Nilikukaribisha pia," alisema Vern.

Majuma ya kungoja majibu Vern hakuwa na leseni, lakini hakukosa Alhamisi hata moja. Lachie alimpeleka, mchungaji alimpeleka, na mara moja konstebo mwenyewe alimpeleka kwa gari la polisi, Nugget kiti cha nyuma, mpaka wauguzi wakadhani mzee amekamatwa kweli. Daktari alimwambia achore saa, akaichora na jina la aliyeitengeneza. Alimuuliza waziri mkuu ni nani. Vern akasema siku hizi wanambadilisha kabla hajamzoea, ila alimtaja. Kisha akaja mkaguzi wa barabarani, mtu asiyetabasamu, akazunguka naye mji mzima, akamwambia arudi kinyumenyume. Walipovuka reli bila mbwa, Vern alibweka mwenyewe kidogo kwa mazoea. Mkaguzi hakuandika hilo, au kama aliandika halikumdhuru.

Alipewa leseni ya masharti. Aendeshe mchana tu, na asivuke umbali fulani kutoka nyumbani. Umbali huo unaishia kilomita chache tu ng'ambo ya nyumba ya wazee. Konstebo ndiye aliyemletea majibu, na Vern alimuuliza duara hilo limechorwa na nani. Akajibiwa kwamba limechorwa na anayehusika, na asiulize sana.

Wizi wenyewe ulifutwa. Renata alikwenda kwa Bi Dulcie akakaa barazani chai nzima, akimwelezea sikioni habari ya bomba. Mnyororo bado upo, umening'inia tu. Mlango uko wazi jioni, na Elsie amerudi kwenye biskuti zake. Gazeti halikuandika kwamba wizi umepungua. Gwenda alilitafuta ukurasa kwa ukurasa, akalitumia kufungia mkate.

Leo ni Alhamisi. Vern ametoka dukani sasa hivi, mikono imejaa, kitumbua kidevuni. Kuna pikapu tatu nyeupe barabarani, zote na funguo zake. Mlangoni alisimama, kama anavyosimama siku hizi, akapiga mluzi. Nugget akajibu kutoka bombani. Vern akaifuata sauti, akafungua mlango, akaweka kitumbua kwanza.