Sema Wazazi Wake Wamekufa

Asubuhi ile nilikuwa nachemsha michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, kwa ajili ya wachimbaji wa duara letu. Duara ni shimo la dhahabu: mdomo mwembamba, na chini njia zinazokwenda mbali kufuata mwamba. Mume wangu Masanja, aliyekuwa kiongozi wa wachimbaji, alikuwa ameshashuka. Binti yetu Shija, wa miaka miwili, alikalia ndoo iliyopinduliwa. Kila nikimpa maji ya kunywa, anawamwagia kuku. Nilimgombeza nikamnyang'anya kikombe. Kikombe chenyewe ninacho mpaka leo.

Kambi ilikuwa porini, mbali na Geita mjini. Watoto wetu wakubwa, mapacha Kulwa na Doto, tulikuwa tumewaacha kijijini kwetu Didia kwa bibi yao ili wasome. Shija alikuwa bado mdogo, nikaenda naye. Kwetu Usukumani mapacha huitwa Kulwa na Doto, anayezaliwa baada yao huitwa Shija, na hakuna kikao cha kuchagua jina. Jirani yangu alikuwa Mama Neema, mwanamke wa Ushirombo, muuza maandazi, aliyesali rozari huku akikanda unga. Alinitania kwamba Wasukuma tunajua kula maandazi tu, kuyapika hapana. Nilimpenda sana.

Ugomvi ulianzia chini ya ardhi. Wachimbaji wetu, wakifuata mwamba, walitobolea ndani ya duara la jirani. Tajiri wa upande ule akasema tumemwibia. Wa kwetu akasema mwamba ni wa aliyeufikia. Kwa wiki nzima wanaume walipigana kule gizani kwa nyundo na mitarimbo, kisha upande wa pili ukaleta watu tusiowajua, wenye bunduki. Wakubwa waliokuja baadaye waliandika kwamba zilikuwa vurugu. Mimi niliyekuwepo naita vita, na sibadilishi.

Walitokea upande wa karasha, mashine ya kusagia mawe, jua likiwa limeshapanda.

Mlio wa kwanza nilidhani ni baruti ya wachimbaji.

Wa pili ulimwangusha mtu aliyekuwa anakula michembe yangu.

Nilikimbilia mdomo wa duara nikamwita Masanja. Walikuwa wameshatupia baruti ndani. Ardhi ilitikisika chini ya miguu yangu. Vumbi lilipanda juu, mtu hakupanda hata mmoja.

Nyuma yangu walikuwa wakipiga kelele: “Watu wa Masanja wako wapi? Mke wake yuko wapi?”

Niliporudi kibandani, Mama Neema alikuwa tayari na Shija mgongoni, amemfunga kwa kanga yangu.

“Twende, Mama Kulwa.”

“Mimi wananijua. Tukiwa pamoja wanatuua wote. Nenda naye wewe.”

“Wakiniuliza ni wa nani?”

“Sema ni yatima. Sema wazazi wake wamekufa. Usimtaje Masanja, usinitaje mimi, kwa mtu yeyote.”

“Hata kwa polisi?”

“Hata kwa padri.”

Alishika msalaba wa rozari yake, akaapa. Shija alinyoosha mkono akitaka kikombe. Sikumpa. Niliogopa angekigonga mahali wakawasikia.

Nilikimbia upande mwingine, mahali pa wazi, ili wanione mimi.

Risasi ilinipata pajani. Nilianguka kwenye shamba la mihogo nikalala kifudifudi, mdomo umejaa udongo, nikiwasikia wakipita.

Wachunga ng'ombe waliniokota siku ya pili. Nilitibiwa kwa miezi, mguu ukapona vibaya, nikarudishwa Didia. Masanja hakutolewa kamwe. Lile duara lilifukiwa naye ndani, na mimi sina kaburi la kupalilia.

Nilipoweza kusimama kwa gongo, nilikwenda Ushirombo kumchukua mwanangu. Niliambiwa Mama Neema hajaonekana. Nikarudi tena baada ya mavuno, nikaambiwa vilevile. Mara ya tatu akili yangu ilikuwa imeshaharibika. Nilisimama uani kwao nikapiga kelele kwamba wanamficha, kwamba mwanamke yule ni mwizi wa watoto, na Mungu amnyime usingizi popote alipo. Binti yake Neema, wa miaka tisa, alisimama mlangoni na ufagio mkononi, akasikia yote.

Kwa miaka kumi na miwili nilimtafuta mwizi.

Ukweli niliujua kupitia redio. Doto, ambaye sasa ni kinyozi pale Didia, alikuwa akimnyoa mtu aliposikia tangazo: inatafutwa familia yenye mapacha Kulwa na Doto, na mtoto wa kike Shija aliyepotelea machimboni. Alimwacha mteja na kichwa nusu, akaja mbio.

Mambo yalikuwa hivi. Mama Neema alipigwa risasi ya tumbo akiwa njiani, lakini alifika hospitali na mtoto mgongoni. Walipomwuliza, alijibu: “Anaitwa Shija. Ni yatima. Wazazi wake wamekufa.” Walimwuliza tena na tena, naye akajibu hayohayo, mpaka akafa kesho yake. Yakaandikwa. Shija akapelekwa kituo cha kulelea yatima Mwanza. Walitangaza kutafuta ndugu, ndivyo ninavyoambiwa, lakini nani Didia alikuwa akitafuta yatima? Mume na mke Waholanzi, waliokuwa wakifanya kazi Mwanza, wakamwasili kwa amri ya mahakama, na baada ya miaka michache wakahamia naye kwao. Nimetafuta wa kumchukia katika hao wote. Kila mtu alifuata karatasi, na karatasi ilifuata maneno yangu.

Jina ndilo hawakulibadilisha. Huko Uholanzi muuguzi mmoja, Msukuma wa Magu, alimwuliza mama yake mlezi, Anneke: “Mapacha wako wapi?” Anneke alisema karatasi zinaonyesha mtoto hana ndugu. Muuguzi akamwambia: “Karatasi haziwezi kujua. Shija hatangulii.” Tangu siku hiyo, anasema Anneke, hakutulia mpaka alipotoa lile tangazo la redio.

Kipimo cha vinasaba kilithibitisha. Anneke akamleta Didia.

Alishuka kwenye gari msichana wa miaka kumi na minne, mrefu, ana paji la uso la Masanja kabisa. Alisema, “Shikamoo.” Nikaitikia marahaba. Kisha nikamwita ng'wana wane, mwanangu, kwa Kisukuma kilekile nilichombembelezea. Alimtazama mwalimu aliyekuwa anatutafsiria, amsaidie.

Tulikaa. Aliuliza jambo moja, na mwalimu akalisema taratibu: “Anauliza, ni nani aliyesema kwamba umekufa?”

“Ni mimi.”

Mwalimu akanigeukia. “Mama Kulwa, nimwambie hivyohivyo?”

“Hivyohivyo.”

Nilimweleza yote. Nilitaka anililie, anitukane, lolote. Alisikiliza kwa adabu, kama mtoto anavyomsikiliza mgeni. Nilimletea kile kikombe. Alikigeuza mkononi, akashukuru, akakirudisha mezani.

Siku iliyofuata tulikwenda Ushirombo, yeye, Anneke na mimi. Neema sasa ni mwanamke mzima. Nilipiga magoti mbele yake nikasema mama yake hakuwa mwizi, alishika neno langu mpaka akafa nalo, na mimi nimemlaani bure. Neema hakuniinua. Alimtazama Shija, kisha akaniuliza, “Alizikwa wapi?” Nikamwambia nilichoambiwa. Hospitali walizika wengi wiki ile, na wengine bila majina.

Ofisa ustawi wa jamii aliniambia naweza kwenda mahakamani ili karatasi irekebishwe. Nilimwuliza ikirekebishwa mtoto atarudi? Akasema haijulikani, ila kesi itakuwa ndefu, na Shija ataulizwa mengi. Nilikataa. Nilishampa mtoto huyu maneno ya kubeba mara moja, na ameyabeba miaka kumi na miwili. Nikikaa peke yangu natamani ningekubali. Hiyo nayo naisema.

Siku walipoondoka, wanawake wa Didia walikuja kuaga. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na mimi ni Mama Kulwa tangu siku nilipojifungua mapacha. Anneke alikuja na Shija, basi hakuna aliyefikiri mara mbili.

“Safari njema, Mama Shija!” walimwita. “Karibu tena, Mama Shija!”

Anneke aliitikia na kupunga mkono, na machozi yakimtoka. Nilikuwa nimesimama kando, nimeshika kikombe. Kwa maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Gari lilipoanza kwenda, nami nilisema, “Karibu tena, Mama Shija.”