Mwanamke wa Mwaka Elfu Mbili

Kwa miaka arobaini na saba Bi Halo alimwonea wivu mwanamke aliyechorwa ukutani. Si ule wivu wa kupita, wa kuona jirani kanunua sofa ukameza mate ukaendelea na yako. Hiki kilikuwa kijiba cha roho hasa. Kiliota mizizi, kikazeeka naye.

Jina hilo la Bi Halo alipewa na wenzake kazini, alipokuwa opereta wa simu. Hata ungemgusa bega angegeuka na kusema, "Halo, nikuunganishe na nani?" Walikuwa wasichana kumi na sita katika ukumbi mmoja mrefu, kila mmoja na ubao wake uliojaa matundu, na kazi yao ilikuwa kuchomoa waya huku na kuuchomeka kule ili mtu wa mji huu azungumze na mtu wa mji ule. Katika hao kumi na sita hakuna aliyemfikia. Jirani yake wa kiti anapotafuta tundu moja, yeye keshaunganisha watu wanne na anamwomba wa tano asubiri. Jirani huyo walimwita Twiga, kwa ajili ya shingo yake.

Asubuhi moja meneja aliingia na mwanamume mwenye rangi kwenye kucha.

"Huyu ni mchoraji," alisema. "Atatuchorea pale mlangoni jinsi simu itakavyokuwa mwaka elfu mbili. Anataka opereta mmoja akae achorwe."

Mwaka elfu mbili! Siku zile ulikuwa mbali kama ahera. Bi Halo hakuwa na shaka hata chembe. Simu ya kesho itachorwa kwa mikono ya nani kama si yake? Siku iliyofuata alivaa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi mara mbili, akakaa wima mpaka mgongo ukamuuma. Mchoraji alipita nyuma ya viti kama mtu anayechagua kitambaa dukani, akanong'ona na meneja, kisha akanyoosha kidole.

"Huyu."

Alikuwa Twiga.

Siku sita Twiga alikaa dirishani kama bibi harusi, na siku sita Bi Halo alishika ubao wake na wa Twiga pia, mikono ikipishana kama ya mtu anayefukuza nyuki. Picha ilipofunuliwa, wafanyakazi wote walipiga makofi. Angani magari madogo yaliruka kama panzi. Nyumba zilikuwa za mviringo, kama vyungu vilivyofunikwa. Wapita njia walivaa kofia zenye vijiti vya kunasa mawimbi. Na katikati, mkubwa kuliko wote, Twiga, mbele ya ubao wa matundu yasiyohesabika, ameinua plagi kwa vidole vitatu.

Mumewe Bi Halo, fundi wa nguzo na nyaya, alisimama akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mchoraji ana jicho," alisema.

Alinuniwa siku mbili, maskini, asijue kosa lake.

Kwa miaka tisa Bi Halo alipita mbele ya ukuta ule kila asubuhi, na kila asubuhi alitafuta kasoro. Ya kwanza aliiona upesi: hakuna opereta duniani anayeshika plagi vile, kama ua! Plagi hushikwa kwa ngumi nusu, kidole gumba juu. Akawaambia wenzake. Wakacheka, wakasema, "Bi Halo naye!" Alipojifungua binti yake, Twiga alimletea shuka la mtoto alilolishona mwenyewe, zuri kweli. Bi Halo alishukuru, akalikunja, akalisukuma chini kabisa ya sanduku.

Kisha ukaja mtambo mpya, unaounganisha watu wenyewe kwa wenyewe. Ndani ya wiki moja wasichana wote kumi na sita walipewa barua. Ukumbi ukagawanywa ofisi, ukuta ukafunikwa mbao. Twiga akamfuata mumewe mji mwingine, akafungua kibanda cha cherehani. Bi Halo akapata kazi ya mapokezi katika zahanati, akaifanya mpaka alipostaafu. Mwaka elfu mbili wenyewe ulikuja ukapita kama mgeni asiyevua viatu. Hakuna gari lililoruka.

Alikuwa na miaka sabini na moja, mjane, akiishi na bintiye, pale mwandishi wa gazeti, msichana mwenye sauti ya upole, alipobisha hodi. Mafundi walikuwa wakikarabati lile jengo la simu, alieleza, wakabandua mbao, wakakuta picha. Akamwonyesha kwenye simu yake.

"Bibi, tumeambiwa ulikuwa opereta pale. Unamfahamu huyu mama?"

Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Bi Halo alitazama kioo, akaiona ile shingo, na ulimi ukamtangulia.

"Ni mimi."

Msichana akaangalia picha, akamwangalia yeye. "Shingo..."

"Uzee, mwanangu," alisema Bi Halo. "Unapunguza kila kitu."

Habari ikatoka, na picha yake akitabasamu. Majirani walikuja kumpongeza. Muuza duka alimwita "Mama wa Mwaka Elfu Mbili" mbele ya foleni nzima. Binti yake alimkumbatia. "Mama! Miaka yote hii umetuficha jambo kama hili?" Bi Halo alijibu kwamba hapendi kujionyesha. Siku nne alikula na kulala vizuri kuliko alivyokumbuka.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku ya kufungua jengo walimwalika asimame karibu na ukuta wake, wakamwekea kiti chenye kitambaa. Watu walikuwa hawajatulia alipomwona anaingia mlangoni na fimbo, taratibu, kichwa juu. Miaka ilikuwa imekula kila kitu cha Twiga isipokuwa shingo. Moyo wa Bi Halo ulianguka kwa hofu, na papo hapo, Mungu amsamehe, ukachomwa na wivu ule ule: hata sasa?

Twiga akavuta kiti, akakaa kando yake.

"Nimesoma gazeti," alisema kwa sauti ya chini. "Kumbe mimi ni wewe."

"Umekuja kunianika."

"Nimekuja kuona ulivyozeeka. Hayo mengine tutaona."

Mbele yao vijana waliizunguka picha wakicheka, si kwa ubaya. "Magari yanaruka, simu bado ina waya!" mmoja alisema. "Na huyo bosi na kiko chake!" Kweli, nyuma ya Twiga wa rangi alisimama meneja, tai pana kama jani la mgomba, mikono nyuma, akisimamia kesho. Kando msichana mwingine alileta chai kwenye sinia. Na juu ya ubao, jambo ambalo Bi Halo hakuwahi kuliona kwa sababu macho yake yalikwama shingoni, mchoraji alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: USIZUNGUMZE NA MTEJA ZAIDI YA DAKIKA MOJA. Tangazo la ukumbini kwao, neno kwa neno.

"Hawa hawakuchora mwaka elfu mbili," alisema mwandishi, akiandika. "Walichora siku yao, wakairushia magari."

Bi Halo aliitazama picha upya. Walipewa mbingu nzima wachore watakavyo, wakawaacha wao maopereta kwenye viti vile vile, na tangazo lile lile kichwani. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja viti vyenyewe havitahitajika. Hata yeye hakuwaza. Yeye alichotaka ni kukaa pale.

"Wewe ulifurahi?" akauliza ghafla. "Zile siku sita?"

Twiga aligeuza fimbo mkononi. "Nikuambie neno? Siku ya kwanza nilimuuliza mchoraji kwa nini amenichagua mimi. Nilitaka aseme shingo, au macho. Akasema, 'Nilimtaka yule wa jirani, mwenye mikono mepesi. Meneja amekataa. Amesema yule akiondoka ubaoni kazi itasimama. Nikuchukue wewe, hakutapungua kitu.' Wewe umeona wivu kwa picha. Mimi nilikuonea wivu kila siku nikirudi kwenye kile kiti, nikisikia mikono yako inavyokwenda. Hujui ilivyo kukaa karibu na mtu kama wewe."

Bi Halo alitaka maneno hayo yamponye. Yalimgusa, lakini hayakumponya. Kidonda cha miaka arobaini na saba hakifungwi kwa kitambaa kimoja. Alichokiona kwanza, kwa aibu, ni kwamba hata sasa watu wanaitazama shingo, wala hakuna anayeiona mikono.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba mimi ndiye asiyehitajika ubaoni?"

Mwandishi akawaita wapige picha. Mpiga picha alimsogeza Bi Halo karibu na ukuta, akamwomba ainue mkono kama yule wa kwenye mchoro. Aliinua. Vidole vikakataa kushika hewa kama ua. Vikajikunja ngumi nusu, kidole gumba juu, kama vilivyozoea. Akaushusha mkono.

"Si mimi," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza laini imekatika. "Ni huyu hapa. Nilidanganya. Nisameheni."

Binti yake alifunika mdomo. Twiga akainuka, fimbo ikigonga sakafu, akasogea akasimama chini ya uso wake wa zamani, na hakukuwa na haja ya kumuuliza mtu.

"Anashika plagi vibaya, yule wa ukutani," Twiga akamwambia mwandishi. "Andika. Aliyekuwa anajua kuishika ni huyu."

Gazeti lilitoa masahihisho wiki iliyofuata. Picha ya Twiga ilijaa robo ya ukurasa. Bi Halo alikuwa pembeni, nusu uso, na jina lake la utani limekosewa herufi moja. Binti yake alimsomea kwa sauti, kisha akamuuliza kwa tahadhari kama amefurahi.

"Wamemkuza mno," alisema Bi Halo.

Akachukua gazeti, akaisoma tena mwenyewe ile sentensi ya Twiga, kwamba aliyejua kuishika plagi ni yeye, mara tatu, kisha akaomba namba ya Twiga.