Bunduki Iliyonukia Udi

Kujivuna nna haki, hata baada ya haya nitakayowaambia. Hapa Maskati wenzangu hununua risasi za dukani. Mimi hujaza zangu mwenyewe, baruti naipima kwa mizani ya sonara, ndiyo maana sikosi shabaha. Na miwani sivai, ya nini?

Sikukuu tulikwenda bondeni nyuma ya kijiji cha Bustan kushindana kulenga shabaha, wakwe zangu wote wamekaa mkekani. Nikawahutubia kwanza habari za mizani yangu, kisha nikafyatua. Risasi haikutoka. Ulitoka moshi mwembamba, unanukia udi.

Kumbe nilijazia risasi kwenye meza ya mke wangu, penye vikopo vyake vya udi wa kusaga, vinavyofanana na changu cha baruti. Nyumba yetu hufukizwa asubuhi na jioni, pua yangu ingeshtuka nini?

Baba mkwe akavuta pumzi taratibu. "Mashaallah, huu udi wa binti yangu," akasema. "Basi yeye saa hizi nyumbani anafukiza nini?"

Nikakimbilia simu garini. Namba sikuziona, ikabidi nimwombe baba mkwe miwani yake.