Nusu ya Kitanda

Safa aliishi Ghulail, Jeddah, pamoja na mama yake, Bi Mashavu, aliyeletwa kutoka Unguja mwaka 1964 akiwa na miaka minane. Maradhi ya kusahau yalipomzidi, Kiarabu kilimtoka chote, akabaki na Kiswahili cha kitoto. Kila asubuhi alitenga vikombe viwili vya chai.

"Cha pili cha nani, mama?"

"Cha Zuhura. Si huyo nyuma yako?"

Safa hakumjua Zuhura yeyote.

Mama alipoanza kutoka nje na kupotea, mjomba Badawi akamtafutia nafasi Riyadh, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akaja kuwachukua kwa gari. Njiani Safa alimuuliza kuhusu jina lile. Mjomba akapunguza mwendo.

"Pacha wake. Tulimzika wiki tuliyoondoka. Hakuna aliyemtaja tangu siku ile."

Huko Riyadh, Bi Mashavu alijilaza ukingoni mwa kitanda, akaacha nusu wazi. Safa hakuwa amemwona ametulia hivyo kwa miezi. Akambusu mkono, na alipoinuka akaona mto wa upande wa pili umebonyea.

"Kwaheri, mama," alisema. Kisha, akiugeukia mto ule, "Kwaheri, mama mdogo. Nitunzie mama."