Neli Apata Nusu Yake ya Kioo

Matema husimuliwa kwamba Neli alipozaliwa alilia kwa nguvu mpaka mamba wakahamia ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Ni uongo mtupu, maana mamba wapo mpaka leo na hawana mpango wa kuhama. Ila uongo wa namna hiyo hatungiwi mtu mpole.

Huyu Neli ndiye aliyemzaa bibi yangu. Kwao ni Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa kama mtoto aliyelala katikati ya wazazi wanene. Ikombe hakuna pa kulima, na nadhani Mungu alipoliona hilo aliwapa udongo kwa kuomba radhi. Wanawake wa huko hufinyanga vyungu kwa mikono mitupu, wakazungusha, wakakwangua, wakapaka udongo mwekundu, kisha wakachora juu yake mistari na madoa ya udongo mweupe. Vyungu vikishachomwa hupangwa mtumbwini, vinapelekwa sokoni Lyulilo kubadilishwa kwa mpunga na ndizi. Sokoni hapo Ambilikile, kijana wa Kinyakyusa, alikuja kununua chungu kimoja akaondoka na habari ya kutaka kuoa.

Akaoa. Neli akahamia Matema, kwa mzee Asajile, baba yake Ambilikile, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Vita ikaanza na wifi yake, Tuntufye.

"Mkisi ni mgeni aliyekuja na vyungu," Tuntufye alikuwa akisema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni. "Vyungu vikivunjika, atarudi kwao."

"Wifi," Neli alijibu, "uji wako unaupikia kwenye nini? Kofia?"

Watu wakacheka, lakini neno lile lilimchoma. Alikuwa ameshazaa, ameshapanda, ameshawapikia wageni wote wa boma lile, na bado watu wa nyumba walipotajwa, jina lake lilirukwa kama dimbwi. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: kuhesabiwa mtu wa nyumba ya Asajile.

Ugumu ni kwamba mwenye nyumba ndiye mtu pekee ambaye Neli hakuruhusiwa kumwona. Kwa Wanyakyusa mwanamke na baba mkwe wake hawatazamani. Hawakai pamoja, hawapiti njia moja, na mke hata jina la mzee halitamki. Mzee akitoka alikuwa anakohoa, mkwe akisikia kikohozi anajifunika kichwa na kuingia migombani. Wote walikuwa wamebatizwa, ndiyo, lakini mchungaji alipowaambia mbele za Mungu watu wote ni sawa, Neli aliitikia amina kutoka nyuma ya nguzo, kwa sababu mzee Asajile alikuwa amekaa mbele. Akivunja mwiko ule angerudishwa Ikombe kwa aibu, na Tuntufye angembebea mizigo akiimba.

Basi mwaka ule nyota yenye mkia ilipopita angani, akaja Mjerumani mmoja mpiga picha, Bwana Krampe, na wapagazi waliobeba masanduku ya vioo. Enzi hizo picha haikupigwa kwa kidole. Kioo kilipakwa utando wa dawa yenye fedha ndani yake, kikawekwa gizani ndani ya kamera, kikaonjeshwa mwanga kidogo, kisha kikaoshwa kwa maji na dawa katika hema lenye taa nyekundu. Kilichokuwa cheupe duniani kinatoka cheusi kwenye kioo, na cheusi kinatoka cheupe. Ukikibana kioo hicho na karatasi ya dawa juani, mambo yanageuka tena na kila mtu anarudishiwa rangi yake.

Huko Ulaya mambo yalikwenda vizuri. Huku kwetu Kyela joto likamkomoa. Maji yetu ya vuguvugu yaliyeyusha ule utando kama siagi. Mkubwa mmoja wa huko Ndandalo alipigwa picha na heshima zake zote, akatoka hana kidevu. Krampe akatafuta kitu cha kupoza maji, akaambiwa nenda Matema ukaone vyungu vya Wakisi.

Neli akamtolea mitungi yake mikubwa. Mtungi wa Kikisi unatoa jasho kwa nje, na maji ya ndani yanapoa mpaka meno yanalalamika. Siku ya kwanza Krampe alitoka hemani ameshika kioo kimoja mkononi, akicheka peke yake. Watu wote kwenye kioo walikuwa na videvu.

"Mama, nikupe nini?" akauliza kwa Kiswahili chake cha pwani, kilichovaa buti.

"Tupige picha. Nyumba yote."

Mzee Asajile alipoletewa habari hiyo alikubali, akaagiza kaniki mpya. Tuntufye alitabasamu. "Nyumba yote, maana yake sisi wenye damu. Wifi atatushikia kuku wasipite mbele."

"Kuku nitawashika," Neli akasema, "na ndani ya picha nitakuwamo."

"Utakaa wapi na baba yumo? Kwenye mfuko wa Mzungu?"

Asubuhi ya picha Krampe hakujua hata moja ya hayo. Akatandika mkeka mpana mbele ya nyumba ya mianzi, akawaita watu kwa mkono kama anaita bata. Neli akaja mbio kutoka jikoni, amejipaka mafuta, amebeba chungu chake kizuri. Kwenye kona ya nyumba akasikia kikohozi. Mzee alikuwa ameshakaa!

Neli alijitupa migombani, chungu na yeye. Chungu kilipona. Mgomba mmoja haukupona.

Krampe akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole. Anaogopa kamera."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Ambilikile, mumewe, alicheka mpaka akashika goti. "Bwana, huyu haogopi kamera. Haogopi hata mamba. Anamkwepa baba." Akamweleza mwiko wote, huku Tuntufye akirekebisha shanga zake tayari kwa picha isiyo na wifi.

Migombani ikatoka sauti. "Bwana Krampe! Mimi chungu nakipaka upande mmoja, nakilaza, kinakauka. Kesho nakigeuza, napaka upande wa pili. Mwisho ni chungu kimoja. Kioo chako hakiwezi?"

Krampe akaigeukia kamera yake. Halafu akaanza kucheka, akajipiga paja. Alisema kwao vijana wana mchezo wa hivyo: mtu anapigwa picha akicheza karata na nafsi yake. Unaziba nusu ya jicho la kamera, unapiga upande mmoja. Kisha unaziba nusu ile nyingine, unapiga tena kwenye kioo kilekile. Tatizo, akasema, kamera ikitikisika hata kidogo kati ya mara mbili hizo, kioo kimeharibika. Na vioo vyake vyote vilikuwa vimekwisha isipokuwa hicho kilichomo ndani.

Watu wakamtazama mzee Asajile. Kama kioo kitaharibika, na yeye hatakuwa na picha. Mzee akanusa ugoro taratibu, kwa starehe ya mtu asiyeharakishwa na serikali yoyote.

"Nilikubali nyumba yote," akasema. "Apige mara mbili."

Ukachorwa mstari wa udongo mweupe chini, katikati ya mkeka. Mzee, Ambilikile, Tuntufye na watoto wakakaa upande wa kulia. Krampe akaziba nusu ya jicho, akafungua, akahesabu kwa Kijerumani, akafunga. Hakuna aliyepumua. Kisha mzee akainuka, akakohoa kwa sauti ya tarumbeta, akapotelea nyuma ya nyumba. Wengine wakaondoka kwa kunyata wakiizunguka kamera kama inataga. Mbuzi akataka kupita kati ya miguu mitatu ya kamera, na Ambilikile akamrukia, akalala naye vumbini, amemkumbatia mpaka mwisho.

Ndipo Neli akatoka migombani. Kichwani alikuwa na vipande vya majani, naye hakuvitoa. Akakaa kushoto kwa mstari, chungu mapajani, akatazama jicho la kamera kama anayelidai. Krampe akahamisha kizibo, akafungua, akahesabu, akafunga.

Alipotoka hemani baada ya kuosha kioo kwa maji ya mitungi, mikono yake ilikuwa bado ikichuruzika. Alinyoosha kidole gumba juu, na hakuna aliyejua maana yake, wakadhani ameumia.

Kesho yake karatasi ikapigwa jua, picha ikatoka. Na nawaambia, nimepiga picha nyingi za rangi kwa simu, zote zimejaa rangi na hazina kitu. Pale palikuwa na cheusi, cheupe na kijivu cha katikati tu. Wekundu wa chungu ulitoka mweusi kama usiku, maana vioo vya enzi hizo vilikuwa havioni nyekundu, na yale madoa meupe aliyoyachora Neli kwa kidole yakawaka juu yake kama nyota zimeitwa. Jicho la mtazamaji lilikuwa linaanza hapo, kabla halijafika kwa mtu yeyote. Watoto wakasogea. Mzee akasogea. Tuntufye aliwahi kuinyakua.

"Mwe! Neli amekaa na baba! Mkeka mmoja! Tazameni, bega kwa bega!"

Ni kweli, kwenye karatasi walikuwa bega kwa bega. Watu waliokuwapo jana na waliouona mstari kwa macho yao wakaanza kusitasita, kwa sababu picha ni picha. Nyuma ya ukuta wa mianzi, Neli alisikia kila neno.

Mzee Asajile akaomba karatasi. Kabla ya kuitazama akaifunika nusu ya kushoto kwa kiganja, maana mwiko haumfungi mwanamke peke yake.

"Mimi nilikaa hapa," akasema. "Pembeni yangu palikuwa na mkeka mtupu. Tuntufye, kulikuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu, baba. Lakini sasa..."

"Chini ya kiganja changu kuna nani?"

"Neli."

"Neli wa nyumba ya nani?"

Tuntufye akatazama shanga zake. Akatazama kuku. Kuku hawakumsaidia.

"Yako, baba."

"Sema tena, mimi nimezeeka."

"Nyumba yako, baba!"

Nyuma ya ukuta kikapanda kigelegele ambacho, nasikia, kilivusha samaki mpaka upande wa Nyasaland. Ambilikile akaupiga ukuta kwa ngumi kumwitikia mkewe, na mianzi miwili ikatoka.

Karatasi ilitundikwa kwa mzee, mahali ambapo Neli hawezi kuingia. Yeye alidai kioo. Krampe akasita, akaitazama mitungi, akampa kioo.

"Utakitazama na baba yumo!" Tuntufye akajaribu kwa mara ya mwisho.

Neli akakiinua juu kuelekea ziwani. Nyuso zote zilikuwa nyeupe, nywele nyeupe, na mzee mwenye ndevu za mvi alikuwa na ndevu nyeusi tii. "Wifi, huyu ni Mzungu kijana. Mkwe wangu mimi ni Mzungu?"

Hata Tuntufye alicheka, na tangu siku hiyo akaacha habari za vyungu na kurudi kwao. Alikuja hata kuomba mtungi. Alipewa ulio bora.

Jambo moja Neli alilijua na hakumwambia mtu. Kioo kile ukikiinamisha mbele ya kitu cheusi, watu wake hugeuka na kurudia rangi zao. Kwa hiyo miaka yote alikitazama kwa kukiinua angani, na mbele ya vyungu vyeusi vya moshi alikifunga kwa kitambaa, asije akamwona mzee.

Mzee Asajile alifariki mwaka wa pili wa vita ya Wajerumani na Waingereza, wakati Wajerumani wameanza kufunga mizigo. Ile karatasi mchwa walikuwa wameshaila. Matanga yalipokwisha, na mwiko umekwisha nayo, Neli aliketi jikoni mchana kweupe, akamwita Tuntufye akae karibu, akakifungua kioo na kukiinamisha mbele ya tumbo la chungu lililojaa masizi. Mzee akajitokeza polepole, mweusi, ndevu nyeupe, ameketi kulia kwa mstari.

"Ugonile, tata," Neli akamsalimu. Akamtazama muda mrefu, kushoto na kulia, halafu akamgeukia wifi yake.

"Kumbe miaka yote ile nilikuwa najitupa migombani kwa ajili ya pua hii?"

"Ndiyo hiyohiyo," Tuntufye akasema, akiishika yake.