Feni Tatu na Ngoma ya Hina

Kompyuta yangu ilikuwa na tabia ya mtoto aliyedekezwa. Ukiiacha icheze nyimbo, haina neno. Ukiipa kazi ya maana, iunganishe vipande vya video viwe kitu kimoja, inaanza kuvuma, inavuma kama mashine ya kukamulia miwa, halafu kimya. Kioo cheusi tii. Ukiligusa boksi lake utadhani umegusa birika la chai.

Wiki ile sikuwa na nafasi ya kudekeza mtu. Dada yangu, binti wa mama mkubwa aliyenilea, alikuwa ameshaolewa, na Jumamosi asubuhi anafuatana na mumewe kwenda Maskati. Alitaka kitu kimoja tu kwangu: video ya siku ya hina.

"Nasikia mama alicheza," alininong'oneza.

"Alicheza. Tena si kidogo."

"Na mie nshafungiwa chumbani, mikono juu, hina haijakauka! Nlisikia vigelegele tu. Tangu nizaliwe sijapata kumwona mama akicheza. Mdogo wangu, siondoki bila ya kuiona ngoma hiyo."

Mama mkubwa ni mtu wa heshima zake. Akicheka hufunika mdomo kwa kanga. Nilipomuuliza habari za ile ngoma alisema hakucheza, alikuwa akimfukuza paka. Lakini kamera niliishika mimi, na paka sikumwona.

Utaniuliza, si uipeleke kompyuta kwa fundi? Ngoja nikwambie. Siku ya hina wanawake wamevua mabuibui, vichwa wazi, wanacheza wapendavyo, kwa sababu wanajua hakuna mwanamume atakayewaona. Ndiyo maana huitwa mimi kupiga picha, ingawa shule niliishia kidato cha nne na ufundi wenyewe nimejifunza kwenye simu. Video hizo hazipiti mikononi mwa wanaume, na mafundi ninaowajua Mlandege wote wana ndevu. Basi nikaenda kwa mmoja wao mwenyewe, mashine nikaiacha nyumbani.

"Ilete niione," fundi akasema.

"Haitoki nyumbani, kaka."

"Haitoki? Kwani imekaa eda?"

"Ina mambo ya wanawake ndani yake."

Akainua mikono juu. "Basi, bibie, mie simo."

Hata hivyo alikuwa mtu mwema. Alinihoji kama daktari anayemtibu mgonjwa kupitia kwa jirani. Inapata moto? Sana. Ina feni ngapi? Moja, ukiacha ile ndogo iliyokaa juu ya prosesa. Imekaa wapi? Mezani, chini ya kitambaa.

"Kitambaa gani?"

Nikamweleza. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Televisheni ina kitambaa cha kufuma, friji lina chake, na kompyuta mama mkubwa aliifumia kikubwa kuliko vyote, chenye mashada, kinashuka mbele na nyuma mpaka mezani.

Fundi akashika kichwa. "Mmeifunika gubigubi, halafu mnataka ipumue!"

Akanipa feni mbili zaidi. "Kazifunge, hewa ipite," akaniambia. Hakunambia ipite kwenda wapi, nami sikuuliza, maana nilikuwa nimeshaanza kuota. Naiona studio yangu, ina kiyoyozi na mlango wa kioo, na mabibi harusi wa Unguja nzima, kutoka ncha ya kaskazini mpaka Makunduchi, wamepanga foleni nje. Nilizinduka mwenye mkokoteni aliponipigia kelele nimpishe.

Nyumbani nikavua kitambaa, nikachukua bisibisi, nikafunga feni moja mbele, moja nyuma, moja juu. Zote zikipuliza ndani. Kwangu mimi feni ni kitu cha kukupulizia wewe. Nani ananunua feni impulizie jirani? Nikawasha. Ikafika mbele kidogo kuliko jana, ikazimika.

Ikawa Ijumaa. Nikajaribu tena asubuhi, ikazimika palepale. Nikakaa chini nikalia.

Mama mkubwa alikuwa chumba cha pili akizifukiza nguo za dada kabla ya kuzipanga mabegini. Akatokea na chetezo mkononi, udi unafuka.

"Unalilia mashine?"

"Namlilia dada."

Akasogea mezani. "Imetiwa jicho hii," akasema. "Iwashe."

Nikaiwasha. Akaizungushia chetezo taratibu, midomo ikisoma. Moshi wa mbele ukaingia ndani. Wa nyuma nao ukaingia. Uliotaka kupanda zake juu, feni ya juu ikaubwia. Boksi langu lina ubavu wa plastiki wa kuonea ndani, na humo tuliuona moshi ukizunguka, ukigongana, ukirudiana, kama wageni waliojaa ukumbini na mlango wa kutokea hawauoni.

"Sasa huu unatokea wapi?" mama mkubwa akauliza.

Nikamtazama, kisha nikaitazama nyumba. Kuta zetu ni za mawe, nene, lakini joto halitusumbui sana: upepo unaingia kwa madirisha ya upande wa njia, unapita vyumbani, unatokea kwenye uwanja wa ndani na kupanda juu. Nimekua humo, nimelala humo, na haikunipitikia hata siku moja kwamba upepo nao unahitaji kwa kutokea.

Nikazima. Feni ya nyuma na ya juu nikazigeuza zitoe nje, ya mbele nikaiacha iingize. Tulipowasha, moshi ukaingia mbele, ukapita kama mtu anayejua aendako, ukatoka nyuma, ukampiga mama mkubwa usoni. Akapiga chafya.

"Alhamdulillahi," akasema. "Imepona." (Fundi aliposikia alinigombeza, ati moshi unaacha masizi ndani ya mashine. Basi na wewe usiige.)

Nikaianzisha kazi. Kompyuta ikavuma, ikaendelea kuvuma, boksi vuguvugu tu. Mama mkubwa hakuondoka.

"Kwani humo nami nimo?"

"Umo, mama."

Akavuta kanga mdomoni. Kisha, bila ya kunitazama: "Nlicheza vibaya?"

"Ulicheza vizuri mno."

"Basi usinikate."

Jumamosi asubuhi mabegi yako tayari, gari linapiga honi njia kubwa, na dada amekaa mbele ya kioo cha kompyuta. Mama mkubwa wa kwenye video akaingia kati, kanga kiunoni, wanawake wakampisha. Dada akacheka, akalia, akacheka tena.

"Mama! Kiuno hicho ulikificha wapi?"

"Adabu! Mtu mzima huyo unayemtazama."

"Nifundishe."

"Gari linangoja."

"Lingoje."

Mama mkubwa akaweka pochi kitandani, akavua buibui, akajifunga kanga. "Mguu wa kulia kwanza. Sivyo! Unakanyaga kama unaua kombamwiko. Legeza. Haya, fuata."

Nikasikia sauti za wanaume wanapanda ngazi kuja kuchukua mabegi. Nikaruka, nikatia komeo mlangoni.

"Bado kidogo!" nikapiga kelele, nikaongeza sauti ya ngoma.